MEDALI AU MGUU? Siku moja na wasichana wa voliboli ugenini

NA MWANDISHI WETU

Kila mwaka, michezo ya shule ya muhula wa pili inapomalizika, shule zilizotamba kitaifa hufunga safari kwenda kuwakilisha Kenya katika michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Mwaka wa 2022 zilikwenda Arusha, Tanzania. Mwaka wa 2023 ikawa zamu ya Huye, Rwanda, na mwaka wa 2024 zikaelekea mashariki mwa Uganda. Msomaji wa kurasa za michezo huletewa matokeo: seti tatu kwa moja, fulani kaingia fainali, fulani kafungishwa virago. Ukurasa huu wa afya una swali jingine. Je, msichana aliyerudi na medali shingoni amerudi na miguu aliyoondoka nayo?

Swali hili lina uzito zaidi katika voliboli, mchezo ambao wasichana wetu wameupatia sifa kubwa. Timu ya taifa ya wanawake ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka wa 1991, na mwaka wa 2023 ikautwaa kwa mara ya kumi. Imeshiriki Olimpiki za Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayejua kuruka na kupiga smashi anajua pia kwamba klabu kama Kenya Pipeline, KCB na Magereza huwatafuta wachezaji mapema. Kwake yeye, mashindano ya kimataifa ni zaidi ya mchezo. Huenda ikawa karo, huenda ikawa kazi. Ndiyo maana anapoumia, jambo la kwanza analofanya ni kuficha.

Hebu tuifuate timu ya namna hiyo kwa siku moja, tangu alfajiri hadi taa zizimwe. Hatuitaji shule yoyote, kwa kuwa tunayoyaeleza hapa ni mambo ya kawaida katika kambi za aina hii. Ni siku ya tatu ya mashindano. Wasichana ni kumi na wawili, wamefuatana na mwalimu wa michezo, msaidizi wake na mwalimu wa kike anayewaangalia bwenini. Leo wana mechi mbili, moja saa tatu asubuhi na nyingine saa tisa alasiri. Tuseme pia kwamba mmoja wao, mshambulizi wa umri wa miaka kumi na saba ambaye ndiye tegemeo la timu, jana jioni alitua vibaya na mguu wake wa kulia ukateguka. Hajamwambia mtu.

Alfajiri bwenini

Saa kumi na moja na nusu kengele inalia. Timu imelala katika bweni la shule mwenyeji, wengine wakiwa wamechelewa kusinzia kwa ajili ya joto, mbu na porojo. Walizima taa saa nne na nusu. Ukihesabu, wamelala saa saba.

Kwa mtu mzima saa hizo zatosha. Kwa kijana wa miaka kumi na tatu hadi kumi na minane hazitoshi, kwani wataalamu wa usingizi wanashauri alale kati ya saa nane na kumi kwa siku. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2014 kuhusu vijana wanamichezo ulionyesha kwamba waliokuwa wakilala chini ya saa nane walielekea kuumia mara 1.7 zaidi ya wenzao waliolala vya kutosha. Kijana mwenye usingizi huchelewa kuuona mpira, huchelewa kuruka, na hutua kabla hajajipanga. Mwalimu anayewaamsha watoto alfajiri wakakimbie mbio za kujikaza siku ya mechi mbili anadhani anawajenga. Ukweli ni kwamba anawachosha.

Jambo jingine la bwenini ni chandarua. Mtoto aliyelelewa nyanda za juu ambako malaria ni adimu hana kinga ya kutosha anapopelekwa sehemu zenye mbu wengi wa ugonjwa huo. Ni vyema timu ibebe vyandarua vyake, na ipitie kwa daktari kabla ya safari ili ashauri kama dawa za kukinga malaria zinahitajika. Akipata homa baada ya kurejea nyumbani, hata wiki kadhaa baadaye, daktari aambiwe kwamba alikuwa safarini. Chanjo ya homa ya manjano nayo hudungwa angalau siku kumi kabla ya kuvuka mpaka. Tangu 2016, cheti chake hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hivyo kitunzwe vizuri.

Mshambulizi wetu anashuka kitandani polepole. Kifundo kimevimba upande wa nje. Anavaa soksi mbili ili uvimbe usionekane.

Uji, chai na damu

Saa kumi na mbili na nusu ni wakati wa kiamsha kinywa. Saa hiyo imechaguliwa vyema, maana chakula kizuri cha kabla ya mechi huliwa kama saa mbili au tatu mapema ili tumbo lipate nafasi ya kufanya kazi yake. Uji, viazi vitamu, mkate, ndizi na yai moja la kuchemsha vyatosha. Mandazi na chapati zilizojaa mafuta hukaa tumboni kwa muda mrefu, na msichana huziona tena katika seti ya pili.

Tatizo lililojificha mezani ni upungufu wa damu. Msichana anayepata hedhi kila mwezi na kufanya mazoezi makali anahitaji madini ya chuma kwa wingi. Yapo katika nyama, maini, maharagwe, ndengu, terere na managu. Lakini kuna desturi yetu moja inayoyapunguza, nayo ni kunywa chai pamoja na chakula. Chai huzuia mwili usifyonze madini hayo sawasawa, hasa yale ya mboga na maharagwe. Si lazima kuiacha chai kabisa. Inywewe kama saa moja baada ya kula. Chungwa au limau likiliwa pamoja na mboga husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Msichana anayehema kuliko wenzake, anayeona kizunguzungu akisimama, au aliyepauka ndani ya kope, apimwe damu kabla ya kuitwa mvivu.

Kutua kuna mafunzo yake

Saa mbili timu iko uwanjani ikipasha misuli moto. Wasichana wanakimbia polepole, wananyoosha viungo, kisha wanaanza kuruka kando ya wavu wenye urefu wa mita 2.24. Mtazamaji huvutiwa na jinsi wanavyopaa. Daktari wa michezo hutazama jinsi wanavyoshuka.

Sababu ni kwamba jeraha la ghafla linalotokea sana katika voliboli ni la kifundo cha mguu, na mara nyingi hutokea chini ya wavu. Mpigaji anaruka kupiga, mzuiaji wa upande wa pili anaruka kuzuia, na mmoja anashukia juu ya wayo wa mwenzake. Sheria inamruhusu mchezaji kuukanyaga mstari wa katikati, hata wayo wake ukiingia upande wa pili, mradi sehemu yake ibaki juu ya mstari huo. Kwa hiyo nyayo za wapinzani hukutana bila mtu yeyote kuvunja sheria. Wayo hugeukia ndani, uzito wote wa mwili hulemea upande wa nje, na kano zinazoshikilia mifupa ya kifundo hunyooka kupita kiasi au kukatika.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Ajali hii inayo. Mwaka wa 1997 Roald Bahr na wenzake wa Norway walichapisha matokeo ya mpango walioujaribu kwa wachezaji wa voliboli nchini mwao. Waliwaeleza wachezaji jinsi ajali hizi zinavyotokea, wakawafundisha kukaribia wavu, kuruka na kutua bila kuvamia mstari, kisha wakawapa mazoezi ya kusimama juu ya kibao kinachoyumba. Kuteguka kwa vifundo kulipungua kwa nusu. Utafiti mwingine uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kwamba kibao hicho huwafaa hasa wale waliowahi kuteguka, kwani huwakinga wasiteguke tena.

Shule haihitaji kuagiza kibao hicho ng'ambo. Fundi seremala yeyote anaweza kupigilia nusu ya gogo la mviringo chini ya ubao. Hata bila ubao, msichana anaweza kusimama kwa mguu mmoja, macho yakiwa yamefumbwa, kwa dakika chache kila asubuhi anapopiga mswaki. Mazoezi haya yafanywe tangu mwanzo wa mwaka. Hayawezi kufanya kazi yakianza juma la mashindano.

Mechi ya kwanza

Saa tatu firimbi inapulizwa. Timu inashinda seti tatu bila jibu, na mshambulizi wetu amecheza kwa uangalifu, akiruka na kutua kwa mguu wa kushoto. Mwalimu hajagundua. Msaidizi ameona kwamba leo hasogei haraka kuelekea kulia.

Mwili humtetea mtu kwa kuhamisha mzigo, lakini mzigo hauishi. Mchezaji anayeukwepa mguu mmoja huutwika mwingine kazi ya miguu miwili. Hapo ndipo goti huanza kulalamika, na goti la mchezaji wa voliboli lina taabu zake tayari. Kuruka mara nyingi huichosha kano iliyo chini ya kifuniko cha goti, na maumivu hayo yanajulikana kama goti la mrukaji. Watoto wadogo zaidi, wanaoendelea kurefuka, hupata uvimbe wenye maumivu chini kidogo ya hapo, mahali kano inaposhika mfupa wa muundi. Madaktari waliita hali hiyo Osgood-Schlatter, kwa majina ya wawili walioieleza mwaka wa 1903. Hupoa mtoto anapomaliza kukua, lakini hudai apunguziwe kuruka kwa muda.

Baada ya mechi wasichana wananyang'anyana chupa moja ya maji. Kila mtu awe na chupa yake. Homa ya mafua na magonjwa mengine ya kooni husafiri kwa njia hiyo, na timu nzima inaweza kuugua kwa siku mbili. Maji yenyewe yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Kipimo rahisi cha kujua kama mchezaji amekunywa ya kutosha ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, mambo ni sawa. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, anywe kidogo kidogo mara kwa mara hadi ubadilike.

Kivuli cha mchana

Kati ya mechi na mechi kuna saa tano. Wengi huzipoteza kwa kukaa juani wakishangilia timu za wavulana. Ni afadhali watafute kivuli, wavue viatu, wale wali au ugali na maharagwe kabla ya saa saba, kisha wajinyooshe hata kama hawatapata usingizi. Mikono ioshwe kwa sabuni. Kuhara kumeziondoa timu nyingi ambazo wapinzani walishindwa kuziondoa.

Wakati huu pia mwalimu wa kike hutafutwa kwa jambo ambalo halisemwi mbele ya mwalimu wa kiume. Safari na wasiwasi huweza kuleta hedhi kabla ya siku yake. Tangu 2017 sheria ya Kenya inaitaka serikali kuwapa wanafunzi wasichana sodo bila malipo, lakini sodo zilizobaki stoo ya shule nyumbani hazimfai aliye ng'ambo ya mpaka. Ziwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza, pamoja na bandeji. Msichana anayecheza hedhi ikiwapo hadhuriki. Wa kuangaliwa ni yule ambaye hajaiona kwa miezi mitatu au zaidi. Wasichana wengine hufurahia jambo hilo, wakidhani ni alama ya mazoezi mazuri. Baada ya kuhakikisha si mimba, daktari atachunguza kama anakula kidogo kuliko anavyotumia, hali ambayo hudhoofisha mifupa yake.

Ni kwa mwalimu huyu ambapo mshambulizi wetu hatimaye anavua soksi.

Saa ya uamuzi

Mwalimu wa kike si daktari, lakini kuna vipimo viwili ambavyo mtu yeyote makini anaweza kujifunza. Vilitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka wa 1992, na hospitali nyingi duniani huvitumia kuamua ni nani wa kupigwa picha ya eksirei. Kwanza, je, mgonjwa aliweza kupiga hatua nne alipoumia, na anaweza sasa? Pili, ukibonyeza mfupa uliochomoza kila upande wa kifundo, kwenye ncha yake na ukingo wake wa nyuma, anaumia? Bonyeza pia mfupa wa katikati ya wayo, upande wa kidole kidogo na upande wa ndani. Kama hawezi kutembea hatua nne, au mfupa wenyewe unauma, aende akapigwe picha. Kama si hivyo, kuvunjika ni jambo lisilotarajiwa sana.

Mfupa wa msichana huyu hauumi. Anatembea. Kilichoumia ni kano. Hapo ndipo mtihani wenyewe unapoanza, kwa kuwa ni saa nane na nusu, mechi ijayo ni ya kutolewa, na yeye mwenyewe anasema anaweza kucheza.

Tumwelewe mwalimu wa michezo. Hadi mwishoni mwa miaka ya tisini, timu ilipata pointi ikiwa tu ndiyo iliyoanzisha mpira. Siku hizi kila mpira ni pointi, na seti huisha kwenye 25. Kosa moja la mshambulizi asiyezoea ni pointi ya mpinzani papo hapo. Mwalimu mkuu amepiga simu mara mbili. Wazazi wamechanga nauli. Mtu fulani ameshika kidonge cha ibuprofeni na kusema kwamba kitamsukuma hadi jioni.

Kidonge hicho ndicho cha kuogopwa. Maumivu ni mlinzi. Ukimnyamazisha mlinzi hujamfukuza mwizi. Dawa za jamii hiyo, pamoja na diklofenaki, zikimezwa na mtu aliyepungukiwa na maji huweza pia kuzidhuru figo. Mtoto asipewe dawa ya maumivu kwa sababu ya kumwezesha kucheza, na asidungwe sindano kwa sababu hiyo.

Badala yake kuna mtihani wa dakika tano. Asimame kwa mguu ulioumia bila kuyumba. Aruke kwa mguu huo mara kumi. Akimbie, asimame ghafla, ageuke. Aruke juu ya wavu na kutua mara kadhaa. Akichechemea hata mara moja, hachezi. Msichana wetu anashindwa kwenye mruko wa tatu.

Jambo la muhimu kuliko yote ni nani anayetoa uamuzi. Si mchezaji, maana atasema yuko sawa. Isiwe mwalimu wa michezo peke yake, maana kazi yake ni kushinda. Timu ikubaliane kabla ya kupanda basi kwamba neno la mwisho kuhusu majeruhi litatoka kwa mtu mmoja asiyepanga kikosi: daktari wa mashindano akiwepo, la sivyo mwalimu anayewaangalia bwenini. Kanuni iliyowekwa nyumbani kwa utulivu ni rahisi kufuatwa kuliko ile inayobuniwa uwanjani ngoma zikilia.

Timu yaweza kushindwa bila yeye. Hilo ni kweli na hatuna haja ya kulificha. Lakini katika kipimo cha pili kuna hesabu hii: aliyeteguka mara moja ndiye aliye katika hatari kubwa ya kuteguka tena, hasa katika mwaka wa kwanza, na kifundo kinachoteguka mara kwa mara hulegea kama bawaba ya mlango mbovu. Mechi ni ya saa moja na nusu. Kifundo ni cha kumbeba maisha yake yote.

Jioni, mikono mbali na kifundo

Saa kumi na mbili jioni, washindi na walioshindwa wote wako bwenini. Sasa wajuzi wanajitokeza. Mmoja analeta maji moto ya kukanda, mwingine dawa ya kuchua, wa tatu anajua mzee anayevuta miguu. Wote washukuriwe na wakataliwe. Siku mbili tatu za kwanza, joto na kuchua huongeza damu na uvimbe ndani ya kiungo. Kifungwe bandeji ya kubana kiasi, kiinuliwe juu ya mto, na kama kuna barafu ifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Barafu hutuliza maumivu, haiponyi. Vidole vya mguu vikifa ganzi au kubadilika rangi, bandeji ilegezwe mara moja.

Baada ya siku chache kifundo kianze kusogezwa taratibu, kwa kuwa kiungo kinacholazwa mno hukakamaa. Kisha yafuate mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, halafu kukimbia, na kuruka kuje mwisho. Kuteguka kidogo huchukua wiki moja au mbili, na kukubwa huchukua wiki nyingi.

Moyo nao una jeraha lake. Msichana aliyekaa kwenye benchi akiwatazama wenzake wakipambana huona kwamba amewasaliti. Mwalimu amwambie mbele ya timu nzima kwamba kusema ukweli ni sehemu ya uchezaji. Wengine kumi na mmoja watasikia, na kesho aliyeumia hatavaa soksi mbili.

Kwa mzazi

Basi la timu litakapowasili kutakuwa na nyimbo na vigelegele. Furahi pamoja na mwanao. Kisha, mkifika nyumbani, mwambie avue viatu na asimame kwa mguu mmoja, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Kama mmoja unayumba au umevimba, usimwulize kwa nini hakusema. Mpeleke hospitali, na umwandikie mwalimu wake kwamba hataruka hadi atakapopona. Medali itamsubiri ukutani.